Kutambua Vimelea kwa MALDI-TOF: Mwongozo kwa Maabara za Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wataalamu wa maabara, na madaktari wanaopokea majibu yao, ambao wanatumia au wanajiandaa kutumia spektrometri ya masi katika kutambua bakteria na kuvu wanaosababisha maradhi. Mashine hii ni hodari wa kutaja jina la kimelea ndani ya dakika chache, lakini hutaja tu kile kilichooteshwa vizuri, na hukitaja kwa usahihi pale tu ambapo rekodi yake imo katika kanzidata. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu kazi ya mikono inayotangulia mashine na kazi ya akili inayofuata baada ya jibu kutoka.

Mashine inapima nini

Njia inayotumika zaidi katika maabara za hospitali ni MALDI-TOF. Bakteria hupakwa kwenye bamba la chuma, hufunikwa kwa kemikali iitwayo matriki, kisha hupigwa kwa miali ya leza ndani ya ombwe. Matriki hufyonza nishati ya leza, huruka pamoja na protini za bakteria na kuzipa chaji. Protini hizo husukumwa kwa nguvu ileile ya umeme kuingia katika mrija mtupu. Nyepesi hufika mwisho wa mrija mapema na nzito huchelewa, kama bodaboda na lori la mchanga vinavyoachana taa za Magomeni zinaporuhusu. Mashine hupima muda wa safari, huugeuza kuwa uzito, na kuchora mfululizo wa vilele ambao hulinganishwa na mifululizo iliyohifadhiwa katika kanzidata. Kwa utambuzi wa kawaida hutazamwa vilele vilivyo kati ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 2,000 na 20,000, ambavyo vingi vinatokana na protini za ribosomu. Protini hizo zimejaa ndani ya seli na hazibadiliki sana kwa sababu ya aina ya agari (chakula cha kuoteshea bakteria) au saa za uoteshaji, ndiyo maana zinafaa kwa kazi hii.

Msingi wa njia hii uliwekwa na Franz Hillenkamp na Michael Karas nchini Ujerumani katika miaka ya 1980, na Koichi Tanaka wa Japani, aliyeonyesha kwamba molekuli kubwa za protini zinaweza kurushwa kwa leza bila kuvunjika, alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002. Hospitali zilianza kuiamini kwa kazi za kila siku baada ya tafiti kama ile iliyochapishwa mwaka 2009 kutoka Marseille, Ufaransa, ambako bakteria 1,660 walipimwa na asilimia 95.4 wakatambuliwa kwa usahihi. La kukumbuka katika utafiti huo ni kwamba makosa yaliyobaki yalihusishwa na upungufu wa rekodi katika kanzidata. Leza na mrija vilifanya kazi yake.

Hatua ya kwanza: kuandaa chumba, umeme na vibali

Kabla ya kununua, hesabu sampuli unazootesha kwa siku. Gharama ya kupima koloni moja, yaani kishada kimoja cha bakteria kilichoota kwenye sahani, ni ndogo, lakini bei ya mashine na ya mkataba wa matengenezo ni kubwa, hivyo maabara yenye sampuli chache itanufaika zaidi kwa kupeleka makoloni yake katika maabara jirani yenye mashine kuliko kununua ya kwake. Mkataba wa matengenezo usiachwe kwa bajeti ya mwaka unaofuata. Ukinunua bila huo, leza ikichoka umebaki na fanicha ya bei ghali.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam inahitaji uangalizi wa pekee. Chumba kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, na ikiwezekana kiwe pia na mashine ya kupunguza unyevu, hasa wakati wa masika. Mashine lazima iunganishwe na betri ya akiba yenye uwezo wa kuishikilia hadi jenereta iwake, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla ombwe hupotea, na kulirudisha katika kiwango kinachotakiwa huchukua saa kadhaa ambazo wagonjwa wanasubiri.

Vifaa vya uchunguzi vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kemikali zinazotumika husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anza taratibu za vibali mapema, maana asetonitrili na asidi trifluoroasetiki ni kemikali hatarishi.

Hatua ya pili: kupata koloni linalofaa

Hapa ndipo jibu zuri au baya linapotengenezwa. Damu ya mgonjwa ichukuliwe kabla ya dawa ya antibayotiki ya kwanza pale inapowezekana, na ngozi isafishwe ipasavyo ili bakteria wa ngozi wasiingie kwenye chupa. Chupa ya damu haiwekwi kwenye friji. Kama inatoka kituo cha afya cha Mbagala kwenda maabara ya Upanga, mpangie dereva muda usioangukia foleni ya jioni, kwa kuwa inatakiwa kuingia inkubeta ndani ya saa chache tangu ilipochukuliwa.

Tumia makoloni mapya, ya saa 18 hadi 24. Koloni lililokaa kwenye sahani siku nyingi, au lililohifadhiwa kwenye friji, hutoa vilele dhaifu, na bakteria wanaotengeneza spora huwa wagumu zaidi kadiri wanavyozeeka. Agari ya damu, ya chokoleti na ya MacConkey zote zinakubalika. Sahani ikiwa na mchanganyiko, chagua koloni lililojitenga na ulioteshe upya, kwa sababu mashine ikipewa bakteria wawili kwa pamoja kwa kawaida itamtaja mmoja aliyezidi na kumnyamazia mwenzake, au itashindwa kabisa.

Paka rangi ya Gram, inayogawa bakteria kuwa Gram chanya na Gram hasi kwa kuta zao. Wapo wanaoona kuwa rangi ya Gram imepitwa na wakati tangu mashine hizi zije. Mimi naona kinyume chake, kwamba ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote kinachoweza kukuonyesha kuwa jina lililotoka haliwezekani.

Hatua ya tatu: kujilinda kabla ya kupaka

Kupaka koloni kwenye bamba hakuui bakteria papo hapo, na spora zinaweza kubaki hai hata baada ya kufunikwa kwa matriki. Tanzania ina historia ya tauni katika wilaya ya Lushoto, kimeta hutokea katika maeneo ya wafugaji na wanyamapori kama Ngorongoro, na brusela hupatikana miongoni mwa watu wanaofuga au wanaokunywa maziwa mabichi, ambayo huuzwa hadi ndani ya jiji letu. Sampuli hizo huweza kufika Dar es Salaam zikiwa na maelezo mafupi tu ya homa.

Kwa hiyo ukikuta vijiti vidogo sana vya Gram hasi vinavyoota polepole kutoka kwenye damu, au vijiti vikubwa vya Gram chanya vyenye makoloni yaliyokwaruza kama kioo kilichosagwa, simamisha kazi. Hamishia sahani kwenye kabati la usalama wa kibaiolojia, mwarifu msimamizi, na usipake moja kwa moja. Ikibidi kutumia mashine, tumia uchenjuaji kamili unaoelezwa katika hatua inayofuata, kisha pitisha kimiminika kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.2. Mawasiliano na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii iliyopo Mabibo yafanyike mapema, bila kusubiri jina litoke.

Hatua ya nne: kupaka, kufunika na kukausha

Andika kwanza ramani ya bamba. Bamba la kawaida lina nafasi 96, na kosa linaloumiza zaidi kuliko yote ni koloni sahihi kuwekwa katika nafasi ya mgonjwa mwingine, kwa sababu mashine haitakuonya. Itatoa jina zuri lenye alama za juu na kulipeleka kwa mtu asiyehusika. Mtu mmoja apake huku mwingine akisoma namba, au tumia kisomaji cha msimbo pau.

Chukua kiasi kidogo sana cha koloni kwa ncha ya kijiti cha mbao na ukipake kiwe utando mwembamba usioonekana vizuri kwa macho. Wanaoanza hupaka kwa wingi wakidhani watasaidia, lakini utando mnene huizuia matriki kuchanganyika na protini, na vilele hutoweka. Paka kila koloni katika nafasi mbili. Kwa hamira na kwa bakteria wengi wa Gram chanya, ambao kuta zao ni ngumu, ongeza mikrolita 1 ya asidi fomiki ya asilimia 70 na uache ikauke.

Kisha weka mikrolita 1 ya matriki, ambayo kwa kazi hii ni asidi alfa-siano-4-haidroksisinamiki iliyoyeyushwa katika mchanganyiko wa asetonitrili asilimia 50, asidi trifluoroasetiki asilimia 2.5 na maji safi kwa kiasi kilichobaki. Iweke mara utando unapokauka, usiuache wazi kwa muda mrefu. Asetonitrili hupaa upesi katika joto letu, na kichupa kinachofunguliwa mara kwa mara hubadilika uwiano wake bila mtu kujua. Gawa matriki katika vichupa vidogo vya plastiki ya ubora, viweke gizani, na uheshimu muda wa matumizi uliotajwa na mtengenezaji. Acha bamba likauke lenyewe ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Fuwele nzuri huonekana kama utando wa manjano ulio sawasawa. Ukiona fuwele zimejikusanya pembeni na kuacha katikati pakiwa patupu, tazama kwanza kipimo cha unyevu cha chumba kabla ya kulaumu matriki.

Koloni likikataa kutambuliwa kwa njia hiyo, fanya uchenjuaji kamili. Changanya bakteria katika mikrolita 300 za maji, ongeza mikrolita 900 za ethanoli, zungusha kwenye sentrifuji na umwage kimiminika, kisha kausha mashapo. Ongeza asidi fomiki ya asilimia 70 na asetonitrili kwa kiasi kilicho sawa, zungusha tena, na uweke mikrolita 1 ya kimiminika cha juu kwenye bamba. Bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanahitaji zaidi ya hapo: kuuawa kwanza kwa joto ndani ya mazingira ya usalama yanayostahili, na kuvunjwa kwa shanga ndogo, na hata hivyo mashine haiwezi kutenganisha aina za ndani ya jamii hiyo. GeneXpert, kipimo cha jeni za kifua kikuu, inabaki na nafasi yake.

Hatua ya tano: kusawazisha na kuendesha

Kila bamba liwe na nafasi ya kusawazisha uzito, ambayo kwa mashine za Bruker hutumia protini za *Escherichia coli* zilizoongezewa protini mbili za uzito unaojulikana, na kwa mashine za bioMérieux hutumia aina maalumu ya *E. coli* iliyooteshwa. Ongeza bakteria mmoja unayemjua na nafasi moja yenye matriki peke yake. Nafasi hiyo tupu ikitoa jina la bakteria, bamba halikusafishwa vizuri, na majibu yote ya bamba hilo yasimame. Kusafisha bamba la chuma hufanywa kwa ethanoli na kisha kwa asidi trifluoroasetiki kali, ndani ya kabati la kuvutia mvuke, ukiwa umevaa glovu na miwani.

Hatua ya sita: kusoma alama bila kuzisujudia

Mashine za Bruker hutoa alama kati ya 0 na 3. Kwa kawaida alama ya 2.00 na zaidi huruhusu kuripoti spishi, kati ya 1.70 na 1.99 huruhusu jenasi tu, na chini ya hapo hakuna utambulisho. Zile za bioMérieux hutoa asilimia ya uhakika. Katika mifumo yote miwili, tazama pia jina la pili na la tatu katika orodha: alama ya 2.10 ambayo inafuatwa na spishi nyingine yenye 2.08 si jibu la spishi.

Kuna majina ambayo hayaaminiki hata alama zikiwa za juu, na orodha yake ibandikwe ukutani karibu na kompyuta. *Shigella* na *E. coli* wanakaribiana mno kiasi kwamba mashine haiwatenganishi, kwa hiyo kinyesi cha mtoto mwenye kuhara damu kinahitaji vipimo vya kibayokemia na antisera (vimiminika vyenye kingamwili za kutambua aina ya bakteria). *Salmonella* huishia kwenye jenasi. Anayetaka kujua kama ni homa ya matumbo lazima atumie antisera. *Streptococcus pneumoniae* huchanganywa na ndugu zake wa kinywani wa kundi la *mitis*, hivyo thibitisha kwa optokini na kwa kuyeyuka katika nyongo.

Kwa kipindupindu, ambacho mlipuko wake wa mwaka 2015 ulianzia hapahapa Dar es Salaam, mashine inaweza kukuelekeza kwenye *Vibrio cholerae*, lakini haikuambii kama ni kundi la O1 au O139, na hilo ndilo swali la mganga mkuu wa mkoa. Hamisha koloni kutoka agari ya TCBS, inayochagua jamii ya *Vibrio*, kwenda agari isiyochagua, kisha fanya kipimo cha oksidesi na cha antisera.

Kwa upande wa hamira, mashine inawazidi mbali watangulizi wake. *Candida auris*, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 na ambayo imeshapatikana Kenya na Afrika Kusini, ilikuwa ikipewa majina ya ndugu zake na vipimo vya kibayokemia. MALDI-TOF huitambua, kwa sharti kwamba kanzidata ni ya toleo linaloijumuisha. Uliza toleo lako ni lipi, na andika tarehe ya kulisasisha kwenye daftari la mashine.

Hatua ya saba: chupa ya damu iliyotoa ishara

Utafiti uliofanyika kwa watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili katika miaka ya 2001 na 2002, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba waliokuwa na bakteria wa Gram hasi katika damu walikufa kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha waliokuwa na malaria. Kwa wagonjwa kama hao saa chache zina uzito.

Chupa ikitoa ishara kwamba kuna kinachoota ndani yake, paka rangi ya Gram na umpigie daktari wa zamu mara moja. Halafu otesha matone machache kwenye agari ya chokoleti, na baada ya saa 4 hadi 6 kwangua utando mwembamba ulioanza kuonekana, ongeza asidi fomiki na uupime. Njia hii ni nafuu na inawafaa sana Gram hasi. Njia nyingine ni kupasua chembe nyekundu za damu kwa saponini, kuosha na kupima mashapo siku hiyohiyo. Ina kasi zaidi, ila chupa zenye mkaa huisumbua, na damu yenye bakteria wa aina mbili mara nyingi hutoa jina moja tu.

Hatua ya nane: kutoa jibu lenye manufaa

Jina la bakteria halisemi atakufa kwa dawa gani. Vipimo vya usugu kwa vidonge vya antibayotiki au kwa mashine viendelee siku hiyohiyo, na ripoti ieleze kwamba matokeo yake yanafuata. Inawezekana kutumia spektrometa kuona kama bakteria wanavunja meropenemu, kwa kuwa molekuli ya dawa ikivunjwa na maji huongezeka daltoni 18. Kipimo hicho kinahitaji mipangilio ya uzito wa chini na bakteria wa kulinganishia, na kisipofanyika mara kwa mara mikono husahau.

Hata hivyo jina pekee hubadilisha mengi, na ripoti iseme hivyo kwa maneno machache. *Enterococcus faecium* mara nyingi haisikii ampisilini wakati *Enterococcus faecalis* kwa kawaida huisikia. *Candida krusei* haitibiki kwa flukonazo. Stafilokoka asiye *aureus* katika chupa moja kati ya kadhaa huenda ni wa ngozi, na daktari akielezwa hilo anaweza kuacha dawa ambayo mgonjwa haihitaji, jambo ambalo ndilo kiini cha mapambano dhidi ya UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa).

Kutoka kwenye tiba hadi kwenye utafiti

Spektra ambazo hazikupata jina zisifutwe. Hifadhi bakteria wenyewe katika nyuzijoto 80 chini ya sifuri, watambue kwa kusoma jeni ya 16S au jenomu yao, kisha ingiza spektra zao kwenye sehemu ya kanzidata inayoruhusu rekodi za maabara yako. Kwa njia hiyo mashine hujifunza vimelea wa ukanda wetu, ambao rekodi za watengenezaji, zilizokusanywa kwa wingi Ulaya na Marekani, huenda hazikuwagusa. Mbinu hiyohiyo hutumika kutenganisha spishi za mbu wa *Anopheles* kwa miguu au vichwa vyao.

Aina nyingine ya spektrometri, inayoanza kwa kutenganisha vitu katika kimiminika na kutumia mbinu ya kunyunyizia kwa umeme ya John Fenn, mshirika wa tuzo ya mwaka 2002, hupima dawa ndani ya damu. Katika malaria hupimwa lumefantrini siku ya 7 baada ya kuanza ALu, ambapo nanogramu 200 kwa mililita ni mpaka unaotumika sana kuashiria kwamba dawa ilitosha. Katika kifua kikuu damu huchukuliwa saa 2 na saa 6 baada ya mgonjwa kumeza vidonge, ili kutofautisha mwili unaochelewa kufyonza dawa na ule usioifyonza vya kutosha. Rifampisini huharibika upesi katika joto, kwa hiyo plazma itenganishwe na kugandishwa bila kuchelewa; sampuli iliyokaa mezani mchana wa Januari itaonyesha upungufu wa dawa ambao haukuwa mwilini mwa mgonjwa.

Utafiti wowote wa namna hii unahitaji kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa au bodi ya taasisi inayotambuliwa, na kama sampuli zitapimwa nje ya nchi, unahitaji pia mkataba wa kuzihamisha unaotaja nani atabaki na spektra, nani atabaki na bakteria, na maabara ya hapa itapata nakala ya data lini.